Orodha ya CV za idara: namna ya kuitengeneza hadi mwajiri apige simu

Mwezi wa tisa mwaka juzi, saa mbili asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa meneja wa ubora wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, mtu tuliyefahamiana kupitia wanafunzi wa fildi, yaani wanaokwenda kujifunza kazi kwa vitendo. Alihitaji kijana wa maabara aanze kazi Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ameshafungua kwenye simu yake orodha ya CV za wahitimu wetu. Hakupiga kuniomba jina; alipiga kunisema.

Jina la kwanza alilobonyeza, faili liligoma kufunguka. La pili lilifunguka, akapiga namba iliyoandikwa, akapokea mama mmoja wa Ukerewe: mwanangu alishahamia Dodoma, laini hii aliniachia mimi. La tatu lilikuwa picha ya karatasi, imelala ubavu, na kidole gumba cha aliyepiga picha kinaonekana pembeni. "Mwalimu," akaniambia, "hii ni orodha au makumbusho?" Nafasi ile ilikwenda kwa mpwa wa dereva wa kiwanda.

Mimi ni mwalimu, si mtu wa TEHAMA. Haya ninayoandika ni kwa mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa ukurasa wa namna hiyo kwa kosa moja tu: kutohudhuria kikao siku majukumu yanagawanywa. Nikiambiwa niseme neno moja baada ya kuifumua orodha yetu na kuisuka upya, ni kwamba majina 30 yaliyo hai yanamsaidia mhitimu kuliko majina 400 yasiyopatikana. Mwajiri akikwama mara tatu, hata wale wazuri walio chini ya ukurasa hawafikii.

Hatua ya 1: Ifungue kama mgeni

Usianzie kwenye kompyuta ya ofisini yenye intaneti ya chuo. Chukua simu ya bei ya chini, nunua bando la kawaida, panda daladala ya kwenda Buzuruga, ufungue orodha ukiwa humo ndani. Hapo utajua ukurasa unachukua muda gani na unakula bando kiasi gani. Wetu ulikuwa na picha kubwa ya jengo la utawala juu kabisa, na majina yalianza baada ya kuteremsha kidole mara nne.

Kisha chagua majina 20 bila kupendelea, yaani kila jina la kumi au la kumi na tano. Kwa kila jina jaza vitu vitatu: faili linafunguka? Namba inapatikana? Mwenyewe bado anatafuta kazi? Zoezi hili ni la alasiri moja, na majibu yake ndiyo utakayompelekea mkuu wa idara. Maneno matupu kwamba orodha imechakaa hayamsogezi mtu.

Jambo moja kuhusu kupiga simu. Mhitimu aliyekaa nyumbani miaka miwili akiona namba ya mwalimu wake, moyo unaruka. Kabla hujauliza lolote, mwambie: "Hii si simu ya kazi, nahakiki taarifa zako tu." Mimi sikufanya hivyo kwa kijana wa kwanza. Alinikatisha katikati, akaniomba nisubiri avae viatu.

Hatua ya 2: Jua nani anatafuta, na anatafuta kwa neno gani

Idara nyingi hupanga orodha kwa jinsi chuo kinavyojiona, yaani shahada, mwaka, namba ya usajili. Mwajiri haji na maneno hayo. Hapa ukanda wa ziwa waajiri wenyewe tunawafahamu.

Viwanda vya samaki vinauza nje. Mwaka 1997, na tena 1999, soko la Ulaya liliwafungia milango samaki wa Ziwa Victoria, mara ya pili ikiwa ni kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Tangu hapo hakuna kiwanda cha minofu kinachocheza na usafi, maabara na kumbukumbu za kila zamu. Kwa hiyo meneja wa ubora akifungua orodha yako, jicho lake linatafuta HACCP (utaratibu wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula), vipimo vya vijidudu, na mtu aliyewahi kujaza fomu za halijoto bila kubuni. "Shahada ya Sayansi" haimwambii lolote.

Migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara, na hasa wakandarasi wake, wanaulizia usalama kazini na leseni. Miradi ya mashirika inataka wakusanya takwimu wa wiki tatu, na neno lao ni KoboToolbox au ODK, programu za kukusanyia takwimu kwa simu. Hawa huamua haraka kuliko wote. Wafugaji wa samaki kwa vizimba wamekuja juzi tu, wanatafuta mtu anayejua chakula cha sato na anayekubali kulala kisiwani. Wenye viwanda vya kuchambua pamba wanataka watu wa msimu.

Serikali iache. Ajira za utumishi wa umma zinaombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, hakuna ofisa atakayechukua mtu kwenye ukurasa wako. Liandike wazi juu ya orodha, ili mhitimu asidhani akishaingia humo amemaliza.

Ukishapata maneno ya waajiri, yageuze kuwa vichujio visivyozidi sita. Sisi tuna: maabara na ubora, ukusanyaji wa takwimu, ufugaji wa samaki, ghala na usafirishaji, ualimu na mafunzo, uhasibu mdogo. Tulianza na 17, na hakuna mtu aliyebonyeza kumi na moja kati ya hivyo.

Hatua ya 3: Mstari mmoja kabla ya CV

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mwajiri hafungui CV 40. Anasoma mistari 40, kisha anafungua CV tatu. Zamani mstari wetu ulikuwa hivi:

Jina la mhitimu, BSc, 2021, Pakua CV

Sasa uko hivi:

Jina la mhitimu. Sayansi ya chakula, 2024. HACCP, vipimo vya vijidudu, Excel. Wiki 8 maabara ya kiwanda cha minofu. Yupo Ilemela, tayari kuhamia Geita au Bukoba. Anaweza kuanza ndani ya wiki 1. Taarifa imehakikiwa 4 Machi.

Kila kipande kina kazi yake. "Yupo Ilemela, tayari kuhamia" kinamwondolea mwajiri swali ambalo huwa anaona aibu kuliuliza mapema. "Anaweza kuanza ndani ya wiki 1" kinamtenga aliye huru na yule ambaye bado ana mkataba mahali. Tarehe ya kuhakikiwa ndiyo roho ya mstari wote, nitaieleza kwenye hatua ya 7.

Mstari huu aandike mhitimu mwenyewe kwenye fomu, wewe uurekebishe. Ukimwachia peke yake ataandika "mchapakazi, mbunifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Futa yote. Muulize: siku ya Jumanne kule fildi, kuanzia saa mbili mpaka saa sita, ulikuwa unashika nini mkononi? Atakachojibu ndicho cha kuandika.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama za chuo, mhitimu aamue mwenyewe kuiweka au kuiacha, ila akiiweka iandikwe kamili, mfano 3.6 kati ya 5.0. Mwajiri wa Kisumu aliyezoea madaraja na asilimia hawezi kujua 3.6 ni mlima au bonde.

Na usipange kwa alfabeti. Huku kwetu ukipanga kwa alfabeti, herufi M inabeba nusu ya ukoo wa Wasukuma: Mabula, Maganga, Masanja, Mashauri, mpaka mwajiri anachoka kabla hajafika N. Panga kwa tarehe ya kuhakikiwa, aliyehakikiwa jana awe juu. Hapo wahitimu wenyewe wataanza kukukumbusha.

Hatua ya 4: CV yenyewe, na mambo ya steshenari

CV nyingi za vijana wetu zimezaliwa steshenari. Mhudumu ana CV moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina na namba, anachapa, unalipa. Nimewahi kupokea CV ya binti wa Misungwi ambayo kwenye mambo apendayo iliandikwa "kucheza mpira wa miguu na kulea watoto wangu wawili". Hana mtoto, wala mpira hachezi. Nilipofungua sifa za faili, sehemu ya mwandishi ilikuwa na jina la mwanaume ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia faili lolote, angalia haya.

Liwe PDF iliyotolewa moja kwa moja kwenye programu ya kuandikia, si picha ya karatasi. Picha haisomwi na kitafutio, na kwenye simu ndogo haisomwi hata na macho. Ukitaka kujua tofauti, jaribu kunakili neno moja ndani ya faili. Likikataa kushikika, hiyo ni picha.

Kurasa zisizidi 2, na faili lisizidi KB 300. Likizidi, mara nyingi kuna picha ya pasipoti au nembo ya chuo iliyobandikwa ikiwa na ukubwa wake wote.

Jina la faili liwe la mhitimu na fani yake. Meneja akipakua "CV mpya FINAL 2 (1)" mara tatu kutoka kwa watu watatu, kesho yake hajui ipi ni ya nani.

Vyeti visipakiwe kabisa. Cheti kilichoachwa wazi mtandaoni ni zawadi kwa mghushi. Mwajiri makini ataomba kuviona ana kwa ana.

Sasa maudhui. Usijaribu kurekebisha CV nzima ya kila mtu, utakufa. Rekebisha sehemu ya fildi tu, maana ndiyo uzoefu pekee wengi wao walio nao. Waambie waje na kile kitabu cha kumbukumbu za fildi kilichosainiwa kila wiki. Vijana hukitupa kabatini wakishapata alama, na hawajui kwamba CV yao yote imo humo. Binti huyo wa Misungwi alikuwa ameandika: "Nilishiriki katika shughuli mbalimbali za maabara." Tukafungua kitabu chake, tukakaa naye kwa muda wa chai moja na maandazi, ikawa:

"Kuchukua sampuli za maji na barafu kila asubuhi kabla ya uzalishaji. Kupima kiwango cha klorini kwenye maji ya kuoshea minofu. Kupima halijoto ya samaki wanaposhushwa kwenye gari na kukataa mzigo uliozidi kiwango. Kujaza fomu za HACCP za zamu."

Alisita kwenye hilo la kukataa mzigo. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilimwambia tu msimamizi, yeye ndiye aliyekataa." Basi tukaandika "kutoa taarifa ya mzigo uliozidi kiwango". Ukweli wa namna hiyo unauzika vizuri kuliko chumvi, kwa sababu kwenye usaili ataulizwa aeleze, na ataeleza bila kujikwaa.

Hatua ya 5: Ondoa yasiyomhusu mpita njia

CV zetu zina mazoea ya kumwaga kila kitu: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), jina la baba, sanduku la posta la parokia. Kwenye bahasha inayokwenda kwa mwajiri mmoja, sawa. Kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, hapana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukiificha tarehe na kuiacha namba, hujaficha kitu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Usiogope ukubwa wa jina. Kwa kazi yetu hii inakutaka ufanye mambo ambayo mtu mstaarabu angeyafanya hata bila sheria. Pata ridhaa ya mhitimu kwa maandishi, ikisema taarifa gani zitaonekana, kwa muda gani, na kwamba anaweza kuomba kuondolewa wakati wowote. Usitumie taarifa hizo kwa jambo jingine. Muulize pia mwanasheria au ofisa wa chuo anayehusika kama chuo kimeshajisajili kwa Tume; hilo ni la chuo, si lako, lakini kuuliza ni kwako.

Wanaosahaulika ni wadhamini, wale watu watatu wa mwisho wa CV. Namba zao za simu zinaning'inia hewani na hawajaulizwa. Mimi mwenyewe nilijikuta ni mdhamini wa watu 11, wanne kati yao sikuwakumbuka hata sura. Andika tu "Wadhamini watatajwa wakihitajika", na nafasi iliyobaki itumike kwa fildi.

Halafu matapeli. Wanaotuma "ile hela tuma kwa namba hii" wanaijua pia njia ya ajira: anachukua namba kwenye orodha, anajifanya ofisa wa mgodi, anamwambia kijana amepata kazi, atume hela ya vipimo vya afya au ya sare. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, tumeandika kwamba mwajiri wa kweli hadai fedha, na mhitimu akidaiwa atupigie kabla hajatuma hata senti. Kuna wakati nilifikiri kuweka nenosiri ili waajiri waombe ruhusa kwanza. Tulijaribu kwa muhula mmoja. Matapeli walipungua, na waajiri pia, maana hakuna mwenye nafasi ya dharura atakayesubiri mratibu arudi kutoka likizo Tarime. Tukarudisha uwazi, ila kwa CV zilizopunguzwa.

Hatua ya 6: Namba na barua pepe

Namba mbili, moja iwe ya WhatsApp, na mhitimu mwenyewe achague kama zionekane. Asiweke namba ya mzazi bila kumweleza mzazi aseme nini ikiita. Barua pepe isiwe ya chuo, kwa sababu nyingi hufungwa baada ya kuhitimu. Afungue mpya yenye jina lake, si ile ya kidato cha pili yenye neno "swagga".

Hatua ya 7: Kila siku 90, bila huruma

Bila hatua hii, zote zilizotangulia ni rangi mpya kwenye mtumbwi unaovuja. Kila baada ya siku 90 tunatuma ujumbe huu, Jumapili jioni:

"Habari. Ni idara yako. Jina lako lipo kwenye orodha ya wanaotafuta kazi. Jibu 1 kama bado unatafuta, 2 kama umepata, 3 kama unataka tukuondoe. Usipojibu ndani ya siku 14 tutakuficha hadi utakapotuandikia."

Siku 14 si za bure. Kuna wahitimu wako Kome, Ukara, kambi za wavuvi, mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe. Lakini zikiisha, ficha. Kuficha si kufuta. Akijibu baada ya mwezi anarudi kwa kubadilisha neno moja kwenye jedwali. Mara ya kwanza nilisita, nikaona nawanyima watoto riziki. Tulipoficha, orodha ilibaki fupi kiasi kwamba mkuu wa idara aliuliza kama tovuti imevamiwa. Wiki hiyohiyo simu za waajiri zilianza kupokelewa na watu wenyewe.

Anayejibu 2 muulize maswali mawili tu: umepata wapi, na aliyekupigia alisema ameona nini kwako? Jibu la pili ndilo linalokufundisha kuandika ule mstari wa hatua ya 3.

Hatua ya 8: Funguo zikae ofisini

Orodha yetu ya zamani ilijengwa na mwanafunzi mmoja hodari wa mwaka wa tatu. Alihitimu, akaenda zake Dar, na nenosiri akaenda nalo. Miezi saba hatukuweza kubadilisha hata nukta. Tulipompata alikuwa ameshalisahau.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya idara, nenosiri lijulikane na watu wawili, mmoja awe katibu muhtasi, maana walimu huenda masomoni na katibu anabaki. Huhitaji mfumo mkubwa: jedwali moja la mtandaoni, ukurasa mwepesi unaosoma jedwali hilo, na folda ya PDF. Nakala moja iwe nje ya mtandao. Mwanafunzi asaidie, lakini asishike ufunguo peke yake.

Hatua ya 9: Ipeleke kwa miguu

Barua rasmi za "Yah: Orodha ya wahitimu" huishia kwenye trei. Sisi tulichapa kadi ndogo yenye msimbo wa QR, tukazunguka nayo: viwanda vya Nyakato, Mwaloni Kirumba kwa wafanyabiashara wa dagaa, ofisi za miradi kule Capri Point. Usimwache mapokezi. Mwombe ofisa aufungue mbele yako kwa simu yake mwenyewe, atafute mtu mmoja, nawe ukae kimya uangalie kidole chake kinakwama wapi.

Kule Capri Point dada mmoja wa mradi wa vizimba alifungua, akachuja, akapata majina manne mazuri, akatulia. "Kati ya hawa," akaniuliza, "nani ana leseni ya pikipiki?" Hatukuwa tumemuuliza mhitimu yeyote swali hilo. Jioni ile niliongeza safu moja kwenye jedwali, na ujumbe wa Jumapili iliyofuata ukawa na swali la ziada.